Soksi za Viti

Krrr. Kisha kimya. Kisha krrr nyingine, fupi, kama mtu aliyetaka kukohoa mbele ya wakwe akajizuia.

Mama Kifaranga alifumbua macho gizani akatega sikio. Kando yake mumewe, fundi umeme ambaye mchana husikia waya mbovu ukinong'ona ndani ya ukuta, alikuwa amelala kama gunia la saruji. Kwenye kitanda kidogo binti yao wa miaka minne, ambaye nyumba nzima ilimwita Kifaranga kwa jinsi alivyomfuata kila mtu nyuma, aligeuka upande, akaguna, akatulia. Krrr. Sauti ilipita kwenye korido, ikaelekea jikoni, ikakoma. Baada ya kitambo ikarudi ilikotoka.

Asubuhi, kabla mtu hajauliza, Bibi alikuwa na jibu.

"Panya," alisema akimimina chai. "Panya wa nyumba hii wamekosa adabu. Wameingia tena kwenye bati la wageni."

Bibi alikuwa mama wa mume, mwenye nyumba, na mwenye sheria zake. Sheria ya kwanza ilihusu bati la biskuti lililokaa kwenye kabati la chini jikoni: zile ni za wageni, mtoto haombi na mkubwa haonji. Tatizo ni kwamba wageni walikuwa hawajabisha hodi siku nyingi, na biskuti zilikuwa zinakwisha.

"Mama, na kifuniko huwa wanarudisha?" mwanawe aliuliza.

"Panya wa siku hizi unawajua wewe? Nunua mtego."

"Mimi nilisikia kama kiti kinavutwa, Mama," alisema Mama Kifaranga kwa adabu, macho kwenye kikombe.

"Ulisikia ndoto, mwanangu. Mtu akikesha na madaftari, ubongo wenyewe unaanza kukwaruza."

Madaftari hayo yalikuwa ya darasa la jioni. Mara tatu kwa wiki, mumewe akisharudi kutoka kazini, Mama Kifaranga alimkabidhi mtoto, akatembea hadi shule ya msingi iliyo karibu, akajibana kwenye dawati la watoto, na kujifunza jinsi ya kuuza vitu mtandaoni. Wazo la kuuza lilikuwa limezaliwa chumbani kwake, pale kwenye stuli ya cherehani. Kila alipoisogeza ili ashone, ilikwaruza sakafu na kumwamsha mtoto. Basi siku moja, kwa hasira tu, alichukua jozi mbili za soksi za uchanga za Kifaranga, za manjano zenye bata, zawadi mojawapo ya zile zilizomiminika mtoto alipozaliwa mpaka mtu hakumbuki nani alileta nini, akaivalisha stuli miguu yote minne. Stuli ikanyamaza. Ikaonekana na adabu kuliko baadhi ya watu anaowajua. Akaitazama akacheka, kisha akaacha kucheka. Kumbe hii inauzika?

Hilo ndilo swali lililomkosesha usingizi, maana lilikuwa limefungwa pamoja na jingine. Uani kulikuwa na chumba kidogo, dirisha moja, mlango unaokwama. Mama Kifaranga alikuwa amekwisha kukipanga kichwani: cherehani hapa, meza ya kukatia pale, Kifaranga na wanasesere wake kwenye kona. Kwa sasa cherehani ilikaa ubavuni mwa kitanda, na mumewe alikuwa akiamka anatundika suruali juu yake.

"Chumba cha uani kinakaa bure," Bibi alitangaza jioni moja. "Kuna fundi saa anatafuta pa kuishi. Mwisho wa mwezi nampa ufunguo."

Moyo wa Mama Kifaranga ulishuka mpaka kwenye kandambili. "Mama, nilitaka kukiomba mimi. Kwa kazi. Nataka kuuza kitu mtandaoni."

"Kitu gani?"

"Bado… nakifanyia utafiti."

Alikuwa ameonywa darasani asiwaambie ndugu anauza nini mpaka ajue kama soko lipo, kwani ndugu watamdanganya kwa upendo au watamkatisha tamaa kwa upendo, na yote mawili ni hasara.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," Bibi alisema. "Hicho chako kinatembezwa kwenye simu na hata jina hakina?"

"Mpe nafasi, Mama," fundi umeme akaingilia. "Hata balbu hujaribiwa chini kabla mtu hajapanda ngazi."

Bibi alifikiri, mkono mmoja ukisugua goti chini ya meza. "Haya. Mpaka mwisho wa mwezi. Nionyeshe oda ya watu wa kweli, oda inayoeleweka. Na wasiwe ndugu! Ndugu ananunua kwa huruma, halafu kitu anakitupa uvunguni."

Mwalimu wa darasa la jioni alikuwa mama mnene mwenye sauti ya king'ora, aliyewahi kuuza vifungo vya makoti mtandaoni mpaka akaweza kujinunulia koti. Wanafunzi walimwita Bei Gani, na yeye alijua.

"Sikilizeni," alisema akigonga ubao. "Mtu akikwambia 'wazo zuri', mshukuru, mwandikie sifuri. Akiuliza 'bei gani', mwandikie moja. Na yule anayeuliza bei gani halafu akakasirika, mshike huyo! Huyo ndiye mteja."

Mama Kifaranga alianza na makundi ya kina mama wenye watoto wachanga. Nani anahitaji nyumba ya kimya kuliko wao? Aliweka picha ya stuli yenye bata. Mioyo myekundu ikamiminika kama mvua ya masika. "Jamani, tamu!" "Mwenzangu una akili!" "Wazo zuri sana!" Alisubiri mtu aulize bei. Mmoja aliandika swali, kumbe anauliza cherehani ni ya aina gani.

"Moyo mwekundu haununui hata sindano," Bei Gani alimwambia. "Umewauliza watu wenye shida hiyo kwa dakika mbili. Tafuta mwenye shida hiyo kila siku."

Akageukia yale ambayo watu huandika wanapotafuta kitu mtandaoni. Kiti kinapiga kelele usiku. Kuzuia kiti kukwaruza sakafu. Kumbe waliolia walikuwepo, wengi tu, ila wauzaji walikuwa wachache, nao waliuza vikombe vya plastiki ambavyo wanunuzi wenyewe walilalamika kwamba vinachomoka na kubingirika chini ya kabati. Alifurahi mpaka mwalimu akamrudisha chini.

"Pasipo na muuzaji, ama pana hazina, ama pana makaburi ya waliojaribu. Kazi yako ni kujua unachimba wapi. Na hesabu ya usafiri umepiga?"

Alikuwa hajaipiga. Alipoipiga, alitoa kitambaa, akatoa uzi, akatoa bahasha, akatoa dereva wa pikipiki, na kilichobaki kingetosha kununulia uzi tena na hamu ya kuendelea. Seti moja kwenda mlango mmoja haikulipa. Seti nyingi kwenda mlango mmoja zingelipa vizuri tu. Lakini ni mlango gani huo wenye viti vingi vinavyolia na watu wanaotaka vinyamaze?

Alifungua ukurasa akauita Kimya Kimya, bila jina lake wala sura yake, ila ile stuli na bata wake. Ukurasa nao ukawa kimya kimya kweli. Mwezi ulikuwa unayeyuka. Fundi saa akaja na futi yake kupima mlango wa uani kama kitanda chake kitapita. Kilipita.

Siku hiyohiyo simu ilitetemeka. Mtu aliyejiita Binti Mwepesi, mwenye picha ya ua waridi, alikuwa ameandika bila salamu:

"Hizi soksi bei gani?"

Mama Kifaranga akaandika bei.

"Kwa nguo ya mguu wa mbao? Dada, huo ni wizi. Kiti chenyewe sikukinunua kwa bei hiyo."

Mama Kifaranga nusura aikumbatie simu. Ameuliza bei! Amekasirika! Akajibu kwa heshima kwamba kitambaa ni kizuri na mshono ni imara.

"Imara kiasi gani? Mtu akikiegemea kiti, hakitateleza?"

"Kukiegemea vipi, dada?"

"Vile watu wanavyoegemea. Usiniulize maswali ya polisi."

Zikapita dakika. Kisha: "Tuseme mtu anakisukuma mbele yake. Taratibu. Kuna mahali anakipeleka."

Na baadaye kidogo: "Mguu mmoja wa nyuma ulivunjika, umefungwa waya mwekundu wa umeme. Mwanangu ni fundi, anasema utadumu kuliko mimi. Soksi yako itapita hapo?"

Mama Kifaranga alisoma mara ya pili. Akaweka simu chini. Akainuka, akapita kwenye korido kama mtu aendaye kuanika nguo, na mbele ya mlango wa Bibi uliokuwa wazi akapunguza mwendo. Bibi alikuwa kibarazani akichambua mchele, miwani puani, simu magotini. Chumbani, kando ya kitanda, kilikaa kiti chake cha mbao, mguu wa nyuma umezungushiwa waya mwekundu. Na nyuma ya mlango, chini ya mwavuli na kapu, ilining'inia ile fimbo ya kutembelea ambayo mwanawe alimnunulia baada ya daktari kuyatazama magoti yake. Siku ile Bibi aliipokea kwa vidole viwili. "Fimbo ni ya wazee," alisema, akaitundikia mwavuli, na mjadala ukafungwa.

Mama Kifaranga alirudi chumbani, akajifunika uso kwa mto, akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Binti Mwepesi! Panya mwenye miwani! Anaegemea kiti kama kigari, anakisukuma hadi jikoni, anakikalia, anafungua kabati la chini bila kuinama, anakula biskuti za wageni kwa raha zake, kisha anarudi na kiti chake, na asubuhi anaagiza mtego.

Halafu kicheko kilimkwama. Kichwani mwake aliiona, gizani, ile hatua na ile krrr, hatua na krrr, na mtu anayesimama kila mara kusikiliza kama kuna aliyeamka akamwona. Halikuwa suala la biskuti tu. Angemwambia mumewe, mumewe angeishusha ile fimbo, mama na mwana wangerushiana maneno, na Bibi angeanza kulala na njaa ya usiku kwa ajili ya heshima yake. Akachukua simu.

"Soksi itapita, dada," aliandika. "Nakutengenezea maalumu."

Jioni ile hakwenda darasani. Alichukua kiti cha sebuleni, akashika mgongo wake, akakisukuma mbele huku magoti ameyakaza. Akagundua kitu: unaposukuma, uzito unakwenda miguu ya mbele, unapotaka kupumzika na kujiegemeza, unarudi miguu ya nyuma. Basi mbele akaweka kitambaa cha blanketi, kiteleze. Nyuma akashonea chini kipande cha mpira wa tairi ya ndani ya baiskeli, king'ang'anie. Akasukuma, kikaenda kama mtu aliyevua viatu. Akajiegemeza, kikasimama palepale.

"Mke wangu," fundi umeme aliita kutoka mlangoni, mdomo wazi, "unatembea na kiti?"

"Utafiti."

"Ahaa," alisema, akaenda kuoga. Hakuwa mtu wa kubishana na elimu.

Ilibaki rangi. Hapo shetani mdogo alimpitia. Akaandika: "Nyeusi inaficha vumbi, dada. Ila kijivu inaficha makombo. Unapendelea ipi?"

Binti Mwepesi hakujibu. Lakini wakati wa chakula Bibi alikuwa na mawazo, na Mama Kifaranga alipouliza, sauti yake laini kama samli, kama wabadilishe kitambaa cha meza, Bibi alisema haraka:

"Kijivu. Kijivu kinaficha makombo."

"Makombo ya nini, Mama?" mwanawe aliuliza.

"Ya panya! Kwani mtego umeshanunua?"

"Huu hapa," alisema, akautoa mfukoni, wa chuma, wenye meno. Kifaranga alitaka kuushika akazuiwa. Bibi aliutazama kwa macho ambayo Mama Kifaranga hakuwahi kuyaona kwake: macho ya panya.

Baada ya chakula ujumbe ukaja. "Kijivu. Nitumie ya kujaribu, mpe dereva aniletee kesho kwenye geti la zahanati, asubuhi, tunapofanya mazoezi. Nikisikika hata mara moja nakurudishia na maneno juu. Nisiposikika tutazungumza. Tuko wengi hapa. Kundi letu linaitwa Magoti Chuma."

Magoti Chuma! Mama Kifaranga alilijua kundi hilo, kina mama wenye nguo za mazoezi na sauti za kugombana, wanaokunja na kukunjua miguu pamoja chini ya usimamizi wa nesi, kila mmoja na mwanawe aliyemnunulia fimbo, kila mmoja na mlango wa kuitundika nyuma. Alikaa kitako kitandani. Ndio hao. Mlango mmoja, viti vingi, shida ya kila usiku. Kina mama wa vichanga walikuwa wametoa mioyo; hawa wangetoa pesa, tena huku wakitukana. Na hata mmoja wao, ukimtoa yule yule mmoja, hakuwa ndugu.

Kesho yake ilibaki siku moja tu mwezi uishe. Asubuhi dereva wa pikipiki alichukua bahasha nje ya nyumba akaipeleka zahanati. Mchana Bibi aliirudisha ndani ya nyumba ileile, kwapani, ndani ya mkoba uliovimba.

"Pole na mazoezi, Mama. Umebeba nini?"

"Dawa."

"Ya kupaka au ya kumeza?"

Bibi alimtazama juu ya miwani, muda mrefu kidogo kuliko kawaida. "Ya kunyamazisha," alisema, akafunga mlango wake.

"Fundi saa anahamia kesho kutwa," aliongeza kutoka ndani. "Kama huna la kunionyesha."

Usiku huo, wengine walipokwisha kulala, Mama Kifaranga aliingia jikoni peku. Mtego ulikuwa mbele ya kabati la chini, umefunguliwa kinywa, jibini ulimini. Aliutegua kwa kijiko cha mti, akausukuma nyuma ya jiko. Panya wake alikuwa na vidole vya kuvaa pete. Kisha alirudi kitandani, simu chini ya mto, akausubiri usiku uishe.

Lazima alisinzia. Alipofumbua macho giza lilikuwa limeanza kupauka dirishani. Akatega sikio kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Alisikia friji. Alisikia mumewe akikoroma, akaacha, moyo wake ukaacha pamoja naye, akakoroma tena. Alisikia tone la bomba la nje. Kiti hakusikia.

Labda Bibi hajaamka. Labda soksi zimechomoka ameamua kulala. Labda ameanguka! Wazo hilo lilimketisha wima. Alikuwa anatafuta kandambili kwa vidole vya miguu pale mto ulipotetemeka.

Akaifunika simu kwa shuka ili mwanga usimwamshe mumewe, akasoma.

"Nipo jikoni. Sijasikika. Kimepita mlangoni kwako na hukujua. Magoti Chuma wote wanataka, rangi hiyohiyo, uwape mzigo pamoja palepale getini, na bei ushushe maana ni wengi. Fundi saa nitamwambia atafute kwingine. Na zile za bata usije ukaziuza hata kwa dhahabu. Nilizichagua mwenyewe siku mjukuu wangu anazaliwa."

Alisoma mstari wa mwisho mpaka herufi zikaanza kuogelea. Kumbe tangu siku ya kwanza. Tangu picha ya stuli. Bibi alijua ananunua kwa nani, na bado alibishana naye bei kama adui, na kumpigia mahesabu ya mguu wa waya, na kumnyima jibu la "wazo zuri" hata mara moja. Mama Kifaranga alijifuta macho kwa ncha ya shuka. Akaandika, "Bei nimeshusha, Mama," akafuta "Mama", akaandika "dada", akatuma.

Kutoka jikoni haukuja hata mlio wa ujumbe kuingia. Bibi alikuwa ameizima sauti ya simu yake. Nyumba nzima ilikuwa imenyamaza kama kitu kipya kilichonunuliwa. Mama Kifaranga aligeuka amwangalie mtoto wake, amwambie kimoyomoyo kwamba kona ya wanasesere ipo.

Kitanda kidogo kilikuwa kitupu, shuka limetupwa kando.

Akakumbuka, akiwa amechelewa, kwamba alichokinyamazisha kwa soksi ni kiti tu, na kwamba kuna mmoja katika nyumba hii anayemfuata kila mtu nyuma. Na pale pale, kutoka jikoni, ikapaa sauti nyembamba, safi, ya kuamsha nyumba na majirani:

"Bibi, na mimi nipe biskuti ya wageni."